Kuzalisha Zana za Kompyuta Kutokana na Waraka wa Kiolesura: Funzo kwa Taarifa za Afya Mkoani Singida

Siku za mwanzo za kila mwezi, katika zahanati za Mkalama, Ikungi na Itigi, muuguzi huvifungua vitabu vya MTUHA na kuanza kuhesabu. Kitabu cha 5 kina wagonjwa wa nje, kitabu cha 6 kina wajawazito waliohudhuria kliniki, na kitabu cha 12 kina waliojifungua. Mistari huhesabiwa kwa kidole, jumla huandikwa katika fomu ya muhtasari, na fomu husafiri hadi makao makuu ya halmashauri, pengine kwa pikipiki, pengine mkobani mwa mtumishi aliyekuwa na safari yake. Huko mratibu wa MTUHA huzinakili tarakimu hizo moja baada ya nyingine katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2.

Katika hospitali ambazo tayari zina mfumo wa kielektroniki wa kusajili wagonjwa, kazi hiyo ingetarajiwa kuwa nyepesi zaidi. Mara kadhaa sivyo. Taarifa imo katika kompyuta moja, inahitajika katika kompyuta nyingine, na katikati yake ameketi mtu anayesoma kioo cha kwanza na kuchapa katika cha pili. Kila anaponakili anaweza kukosea. Na saa anazotumia kunakili ni saa ambazo hayuko wodini.

Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kumwondolea mtu huyo mzigo: kuiachia kompyuta iandike yenyewe programu za kuunganisha mifumo, kwa kusoma waraka unaoeleza mifumo hiyo inavyozungumza. Njia hii inasifiwa sana na wanaprogramu, na inastahili sifa. Hata hivyo ina tabia moja ambayo mtumishi wa afya anapaswa kuifahamu kuliko mwanaprogramu, kwa sababu matokeo yake huonekana katika takwimu za wagonjwa.

DHIS2 imetokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na washirika wake katika nchi nyingi. Tanzania iliisambaza nchi nzima kufikia mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mhimili wa kuiendeleza hapa nchini. Anayeitumia kwa kawaida huiona kama kurasa za kujaza: chagua kituo, chagua mwezi, jaza visanduku, hifadhi. Lakini mfumo huo una mlango mwingine usio na rangi wala vitufe, uliotengenezwa kwa ajili ya programu na si kwa ajili ya watu. Wataalamu huuita API. Kwa Kiswahili huitwa kiolesura cha programu. Kupitia mlango huo, programu nyingine inaweza kutuma ujumbe mfupi wenye mambo machache: fomu ipi, mwezi upi, kituo kipi, na orodha ya vipengele pamoja na thamani zake. Mwezi wa Juni 2024 huandikwa 202406. Kituo hutajwa kwa alama ya herufi na tarakimu 11, ambamo herufi kubwa na herufi ndogo si kitu kimoja.

Mwanaprogramu anayetaka kuutumia mlango huo kwa mkono wake hana budi kuandika mambo mengi yanayochosha. Ataandika jinsi ya kujitambulisha, jinsi ya kuupanga ujumbe, jinsi ya kusoma jibu, na la kufanya seva inapokataa. Akimaliza kwa lugha ya Python, mwenzake anayetumia Java ataanza upya. Kisha toleo jipya la mfumo linatoka, anuani moja inabadilika, na wote wawili wanarudi mezani.

Hapo ndipo waraka wa kiolesura unapoingia. Huu ni waraka wa maandishi ya kawaida, uliopangwa kwa kanuni kali kiasi kwamba mtu anaweza kuusoma na mashine pia ikausoma. Hueleza anuani zote zilizopo nyuma ya mlango, tendo linaloruhusiwa katika kila anuani, yaani kuleta, kutuma, kubadilisha au kufuta, na umbo la kila taarifa inayoingia au kutoka: hiki ni maandishi, hiki ni namba kamili, hiki ni tarehe, hiki ni cha lazima, hiki kinaweza kukosekana. Kanuni inayotumika zaidi leo inaitwa OpenAPI. Asili yake inapendeza kwa wapenzi wa lugha, kwani ilizaliwa katika kampuni ya kamusi ya mtandaoni. Tony Tam na wenzake wa Wordnik, nchini Marekani, walihitaji njia ya kueleza kiolesura cha kamusi yao. Wakatengeneza Swagger, iliyotolewa kwa umma mwaka 2011. Mwaka 2015 kanuni hiyo ilikabidhiwa kwa muungano ulio chini ya Linux Foundation, na baadaye ikapewa jina la sasa. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2017, na la 3.1 mwaka 2021.

Wazo lenyewe si geni. Miaka ya 2000 ilipoanza, mifumo mikubwa ya benki na serikali ilielezwa kwa nyaraka ndefu za WSDL, na programu zilizalishwa kutokana nazo. Kilichobadilika ni kwamba waraka wa OpenAPI unaweza kufunguliwa na mtu asiye mwanaprogramu, akausoma polepole, na akaelewa sehemu kubwa yake. Jambo hilo lina uzito katika yale yatakayofuata.

Waraka ukiwa tayari, kizalishi hufanya kazi iliyobaki. Kizalishi ni programu inayosoma waraka na kuandika programu nyingine. Maarufu miongoni mwa vile vya bure ni OpenAPI Generator, kilichotokana na Swagger Codegen mwaka 2018 baada ya wachangiaji wake kujitenga. Amri moja inatosha:

openapi-generator-cli generate -i mtuha.yaml -g python -o maktaba

Maana yake: soma waraka uitwao mtuha.yaml, andika maktaba ya programu kwa lugha ya Python, iweke katika folda ya maktaba. Neno python likibadilishwa kuwa java, waraka uleule hutoa maktaba ya Java. Likibadilishwa kuwa bash, hutoa zana ya mstari wa amri, yaani programu isiyo na madirisha ambayo mtumiaji huiendesha kwa kuandika sentensi fupi. Kazi ya wiki kadhaa huisha kwa dakika.

Zana ya mstari wa amri inaweza kuonekana kama kurudi nyuma kwa mtu aliyezoea vitufe vya kubonyeza, lakini kwa mazingira ya wilayani ina faida ambazo kurasa za kupendeza hazina. Haihitaji kupakua picha wala rangi, hivyo inafanya kazi hata pale mtandao wa simu unapopatikana kwa kusuasua. Umeme ukikatika katikati ya kazi, amri ileile huandikwa tena. Inaweza kupangiwa kuanza yenyewe usiku, wakati mtandao haujabanwa. Na kila ilichofanya hubaki katika faili la kumbukumbu, kwa hiyo mwezi ukifuata mtu anaweza kuuliza nini kilitumwa, saa ngapi, na seva ilijibu nini. Kwa mfano wa kubuni, amri inaweza kusomeka hivi:

mtuha tuma --kituo 100000-0 --mwezi 202406 --jaribio

Majina ya amri hutoka moja kwa moja katika waraka. Mwandishi wa waraka akilipa tendo jina la Kiswahili, amri itakuwa ya Kiswahili. Asipolipa jina lolote, kizalishi kitabuni jina kutokana na anuani, na mratibu atalazimika kukariri neno refu lisilo na maana katika lugha yoyote.

Sasa tabia iliyotajwa mwanzoni. Kizalishi hakijui lolote kuhusu afya. Hakijui kwamba namba fulani ni ya mtu na nyingine ni ya vipimo vya malaria vilivyotumika. Kinachojua ni yale tu yaliyoandikwa katika waraka, nacho huyatii kwa uaminifu usio na huruma. Kinu cha alizeti cha pale Singida mjini humrudishia mkulima mafuta ya mbegu alizoleta. Zikiwa na mchanga, kinu hakimuulizi. Tofauti ni kwamba mchanga katika mafuta huonekana, ilhali kosa la waraka huzaa programu safi, inayoendeshwa bila kulalamika, ikizalisha takwimu zisizo sahihi katika kila lugha iliyozalishwa.

Mfano wa kwanza ni namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Mwandishi wa waraka akiiona, mkono wake huelekea kuandika kwamba hii ni namba. Kwa lugha ya kawaida hajakosea. Kwa kompyuta amekosea vibaya. Namba kamili kubwa kuliko zote inayotoshea katika nafasi ya biti 64, ambayo ndiyo nafasi ya kawaida, ina tarakimu 19. Lugha kama JavaScript huhifadhi namba kwa namna nyingine inayokubali namba kubwa zaidi, lakini usahihi wake huishia kwenye tarakimu 15 au 16. Zaidi ya hapo hukadiria. Kwa namba zenye ukubwa wa ile ya NIDA, hatua ya ukadiriaji huo ni 4,096. Hivyo watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinatofautiana kwa chini ya kiasi hicho katika tarakimu za mwisho, wanaweza kugeuka kuwa mtu mmodi mbele ya mfumo, na majibu ya maabara ya mmoja yakakaa katika jalada la mwingine. Tiba yake ni neno moja katika waraka: kutamka kwamba namba hiyo ni maandishi. Namba ya kuhesabia huongezwa na kugawanywa. Namba ya kutambulisha hufananishwa tu. Ndivyo ilivyo pia kwa namba ya kituo katika rejesta ya vituo vya afya, yenye kistari ndani yake, na kwa namba ya simu inayoanza na sifuri, ambayo ikihifadhiwa kama namba ya kuhesabia hupoteza sifuri yake ya mbele.

Mfano wa pili unahusu saa. Kompyuta nyingi za seva hutunza wakati kwa saa za dunia, zilizo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Chukulia mama aliyejifungua katika hospitali ya wilaya huko Kiomboi saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Mkunga ameandika katika kitabu cha 12 tarehe 1 Julai, na ndivyo ilivyo. Lakini kama waraka unasema kipengele hicho ni wakati kamili, na programu iliyozalishwa ikaugeuza kuwa wa saa za dunia, kinachofika kwenye seva ni saa nne na nusu usiku, tarehe 30 Juni. Mfumo unaopokea ukikata saa na kubakiza tarehe, mtoto amehamia mwezi mwingine, robo nyingine ya mwaka, na kwa hesabu za serikali, mwaka mwingine wa fedha. Wanaojifungua kati ya saa sita usiku na saa tisa si wachache. Uchungu haungoji asubuhi. Pale panapohitajika tarehe tu, waraka useme tarehe tu. Pale panapohitajika saa, useme pia ni saa za wapi.

Lakini mfano ulio mzito kuliko yote kwa mkoa wa Singida ni wa kitu kidogo kabisa: sifuri.

Katika fomu ya muhtasari, kisanduku kilichoandikwa 0 na kisanduku kilichoachwa wazi havina maana moja. Cha kwanza kinasema: tumetazama, hakuna. Cha pili kinasema: hatujui, au hatujajaza. Kila mratibu wa MTUHA anaifahamu tofauti hiyo, na wengi wamepiga simu zahanati kwa sababu yake. Programu haiifahamu mpaka ielezwe. Katika baadhi ya lugha, Go ikiwa mojawapo, kipengele cha namba kisichopewa thamani huwa sifuri chenyewe. Waraka usipotamka kwamba kipengele kinaweza kukosekana, maktaba iliyozalishwa inaweza kuisoma zahanati ambayo haikutuma taarifa kana kwamba imetuma taarifa ya kutokuwa na mgonjwa. Kinyume chake hutokea pia. Waraka ukisema kipengele si cha lazima, baadhi ya maktaba huamua kuokoa nafasi kwa kutotuma vipengele vyenye sifuri, na zahanati iliyohesabu kwa uangalifu ikapata sifuri ya kweli huonekana haikufanya kazi. Ndani ya DHIS2 yenyewe kuna tabaka jingine: kila kipengele cha takwimu kina mpangilio unaoamua kama sifuri ihifadhiwe au ipuuzwe.

Singida, pamoja na maeneo mengine ya nyanda za kati, ina malaria kidogo ikilinganishwa na Kigoma au Geita. Katika mikoa yenye maambukizi makubwa, sifuri ni nadra, na kosa la kuichanganya na kisanduku tupu humezwa na maelfu ya wagonjwa. Penye maambukizi madogo, sifuri ndiyo taarifa yenyewe. Zahanati iliyoripoti sifuri miezi kadhaa mfululizo kisha ikaripoti wagonjwa 3 imetoa habari inayostahili mtu kupanda pikipiki na kwenda kuangalia. Kama sifuri zile za mwanzo zilikuwa visanduku tupu vilivyovikwa tarakimu na programu, hakuna ajuaye wagonjwa hao watatu ni wa kwanza au ni wa thelathini. Vivyo hivyo kwa vifo vya uzazi, ambavyo kila kituo hutamani viwe sifuri, na ambapo kimya na sifuri havipaswi kamwe kulingana.

OpenAPI inayo njia ya kulieleza hili. Katika toleo la 3.0 kuna alama inayosema kipengele kinaweza kuwa tupu, katika 3.1 utupu huorodheshwa pamoja na aina nyingine za thamani. Pia kuna orodha ya vipengele vya lazima. Kipengele cha lazima kinachoruhusiwa kuwa tupu humlazimisha mtumaji aseme jambo moja kati ya mawili: namba, au sijui. Hakumwachii nafasi ya kunyamaza. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa mwanaprogramu aliye Dar es Salaam au Oslo ambaye hajawahi kuuona ukurasa wa kitabu cha 12. Unamhitaji mkunga, mratibu na mtaalamu wa takwimu waketi na waraka mbele yao, kipengele kwa kipengele, kabla kizalishi hakijawashwa.

Suala la kutuma mara mbili linahitaji maneno machache. Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea ujumbe lakini kabla jibu halijarudi, zana haiwezi kujua kama kazi imefanyika, na zana nyingi zilizozalishwa hupangiwa kujaribu tena. Kwa jumla za mwezi hakuna hasara: DHIS2 huweka thamani mpya juu ya ile ya zamani ya kituo hicho, mwezi huo na kipengele hicho. Kwa taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, au madai ya bima, kutuma mara mbili kunaweza kuzaa wagonjwa wawili au madai mawili. Kinga yake ni mtumaji kutunga alama ya utambulisho wa tukio kabla ya kutuma, ili seva ikiiona tena ijue ni tukio lilelile. Waraka unapaswa kuidai alama hiyo.

Kuhusu usiri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa zana hizi kama inavyogusa makabati ya mafaili. Kosa la kawaida la mstari wa amri ni kuandika neno la siri ndani ya amri yenyewe. Kompyuta huikumbuka amri hiyo, na anayekaa kwenye kiti baadaye anaweza kuiona kwa kubonyeza mshale wa juu. Hali kadhalika faili la kumbukumbu lililosifiwa hapo juu: lihifadhi namba za vituo na majibu ya seva, lisihifadhi majina ya wagonjwa.

Jambo jingine la kiutendaji huwakera wengi baadaye. Msimbo uliozalishwa hausahihishwi kwa mkono. Kishawishi ni kikubwa, hasa kosa likiwa dogo na tarehe ya taarifa ikiwa imekaribia. Lakini siku waraka utakapobadilika na kizalishi kuwashwa tena, masahihisho yote yatafutika bila onyo, na kosa la zamani litarudi likiwa limesahaulika. Kinachosahihishwa ni waraka. Maktaba huzalishwa upya. Faida yake ni kwamba matoleo mawili ya waraka yanaweza kuwekwa sambamba na tofauti zao zikaonekana mstari kwa mstari. Namba iliyogeuka maandishi, au kipengele kilichokuwa hiari kikawa cha lazima, huonekana hapo kabla hakijaleta madhara kituoni.

Kabla zana yoyote haijaruhusiwa kutuma taarifa halisi, kuna jaribio lisilohitaji utaalamu wa kompyuta. Hutungwa taarifa ya mwezi ya kituo cha kubuni, yenye mitego yote: mama aliyejifungua saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe mosi, watu wawili wenye namba za NIDA zinazotofautiana tarakimu ya mwisho, kisanduku kimoja cha sifuri na kingine kitupu. Taarifa hiyo hutumwa kwanza kwa njia ya majaribio, ambayo katika DHIS2 huikagua bila kuihifadhi. Kisha hutumwa kwenye seva ya mafunzo, ikavutwa tena kwa zana ileile na kuchapishwa karatasini. Mkunga huishika karatasi hiyo mkono mmoja, kitabu mkono mwingine, na kusoma kwa sauti mistari hiyo.